Nakatwa mshahara kwa wizi uliotokea lindoni. Nifanyeje?

Habari za kazi, ndugu wa safu hii.

Mimi ni mlinzi wa kampuni binafsi hapa Dar es Salaam, mwaka wa tatu sasa. Lindo langu ni ghala la vifaa vya ujenzi, Vingunguti. Naingia saa 12 jioni, natoka saa 12 asubuhi, usiku sita kwa wiki, peke yangu. Silaha sina. Nina rungu, filimbi, tochi na redio ambayo betri yake haifiki saa 9 usiku. Funguo za ghala anakaa nazo mteja, sisi hatuingii ndani.

Jumatatu moja asubuhi mtunza stoo alifungua, akasema zimepungua roli 12 za nyaya za umeme na pampu moja ya maji. Kufuli zote nne zilikuwa nzima, ila bati moja la ukuta wa nyuma lilikuwa limeng'olewa misumari ya chini. Taa ya kona hiyo ilikuwa haiwaki kwa wiki mbili. Nilimpigia msimamizi mara mbili, akasema atamwambia mteja. Kwenye OB, kitabu cha matukio ya lindo, sikuandika, maana mchana na usiku tumezoea kuandika "lindo shwari" basi.

Mteja akaikata kampuni shilingi 1,920,000. Nikaitwa ofisini, nikapewa karatasi nisaini "ili mshahara usizuiwe". Nikasaini, sikupewa nakala. Mwenzangu wa mchana naye hivyohivyo. Kila mmoja tunadaiwa 960,000. Mshahara wangu ni 260,000. Tarehe 28 nimekatwa 85,000 ya wizi na 26,000 ya NSSF, nimebaki na 149,000, na pango la chumba peke yake ni 60,000. Msimamizi anasema nikileta ubishi ataandika kwamba alinikuta nimelala.

Nawaza nisirudi tena lindoni, yaishe. Je, wana haki ya kunikata? Nikiacha kazi, deni linakufa? Na nikibaki, nijilinde vipi mimi ninayelinda mali za watu?

Mlinzi wa usiku, Vingunguti

*

Ndugu yetu, pole sana.

Tuanze na la haraka: usitoroke lindo. Kukosekana kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu ya maana ni kosa linaloweza kukuachisha kazi kwa mujibu wa Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, na utakuwa umeipa kampuni sababu ambayo leo haina. La pili ni baya zaidi. Mteja akiwa na namba ya RB, yaani ya taarifa aliyofungua polisi, mkononi na mlinzi akatoweka wiki hizohizo, polisi hawana haja ya kutafuta mtuhumiwa mwingine. Deni nalo halifi kwa wewe kutoweka, kwani watalikata kwenye stahiki zako za mwisho kabla hujazifuata. Ukiamua kuondoka, toa notisi ya siku 28 kwa barua, kwa kuwa unalipwa kwa mwezi. Lakini barua hiyo iwe ya pili. Ya kwanza iwe ya kudai.

Sasa makato yenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, haikatazi mwajiri kufidia hasara kutoka kwenye mshahara, ila imemwekea masharti ambayo lazima yatimie yote. Hasara iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako. Akueleze kwa maandishi chanzo cha deni, kiasi chake na hesabu ilivyopatikana. Akupe nafasi ya kutosha ya kupinga hivyo vyote vitatu. Deni lisizidi hasara halisi. Na makato ya namna hiyo yasizidi robo ya malipo yako ya fedha.

Anza na sharti la mwisho, kwa sababu halina mjadala. Robo ya 260,000 ni 65,000. Hata kama kosa lingekuwa lako lote, 85,000 imezidi kwa 20,000 kila mwezi. Hapo kampuni imeshakosea kabla hatujauliza nani aling'oa bati.

Ile karatasi isikutie hofu kiasi hicho. Saini yako ni ushahidi kwamba ulisaini, haiwaondolei wajibu wa kueleza na kukusikiliza. Karatasi iliyotolewa siku ya kuitwa, ikasainiwa papo hapo, mwenyewe asipewe nakala, kwa tishio la kuzuiliwa mshahara, inaonyesha wazi kwamba nafasi ya kupinga haikuwepo. Usiseme hukusaini. Sema ulisaini katika mazingira gani, tarehe ipi, na nani alikuwepo.

Kuhusu kosa tuwe wakweli, kwa sababu upande wako una nguvu mahali pamoja na udhaifu mahali pengine.

Nguvu yako ni hii: mali ya ndani haikuwahi kukabidhiwa kwako. Hukuhesabu roli, huna funguo, huingii. Ulichokabidhiwa ni kufuli nne, ukuta na geti. Kusema roli 12 zimepotea ni lazima mtu aonyeshe zilikuwepo roli ngapi, zilihesabiwa lini na nani. Kisha jiulize: stoo ilifungwa Jumamosi saa ngapi? Kati ya hapo na Jumatatu asubuhi kuna usiku wa Jumamosi, mchana wa Jumapili na usiku wa Jumapili. Wewe unafanya usiku sita, kwa hiyo kuna usiku mmoja wa wiki ambao lindo hilo hushikwa na mlinzi wa kuziba pengo. Usiku huo ulikuwa upi wiki ile? Mbona deni limegawanywa kwa watu wawili na yeye hayumo? Kampuni iliyogawa deni nusu kwa nusu kati ya mchana na usiku imekiri yenyewe kwamba haijui mali ilitoka zamu ipi. Asiyejua zamu hawezi kuonyesha kosa la mtu.

Udhaifu wako ni bati. Ukuta wa nyuma umo ndani ya eneo lako la doria, na misumari haing'oki kwa dakika moja. Watakuuliza ulipita nyuma mara ngapi usiku huo, na OB itasema "lindo shwari". Kinachokuokoa ni zile simu mbili ulizompigia msimamizi. Leo hii fungua orodha ya simu zilizopigwa, piga picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na saa, umtumie mtu unayemwamini zisije zikapotea na simu. Kama orodha imeshafutika, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao wako, uombe taarifa za simu za laini yako. Kona isiyo na taa ambayo mwajiri aliambiwa mara mbili akanyamaza haiwezi tena kuitwa uzembe wa mlinzi peke yake.

Barua ya kudai isiwe ndefu wala ya matusi. Inatosha hivi:

"Katika mshahara wa tarehe 28 nilikatwa sh. 85,000 kwa madai ya wizi uliotokea lindo la ghala, Vingunguti. Sijapewa kwa maandishi chanzo, kiasi wala hesabu ya deni hilo, na sikupewa nafasi ya kulipinga. Kiasi kilichokatwa pia kinazidi robo ya mshahara wangu. Naomba ndani ya siku 7 nipewe nakala ya karatasi niliyosaini, hesabu ya stoo ya kabla na baada ya tukio, ankara za bei ya vitu vilivyopotea, namba ya RB, na ratiba ya zamu ya wiki hiyo. Naomba makato yasitishwe na fedha zangu zirudishwe."

Hizo siku 7 hazimo kwenye sheria, ni za kukusaidia kuhesabu. Chapisha nakala mbili. Moja waache nayo, nyingine wakugongee mhuri wa kupokelewa na tarehe. Wakikataa mhuri, itume kwa rejesta ya posta na tunza risiti. Mwenzako wa mchana aandike yake, msiandike moja ya pamoja, maana mazingira ya saini zenu yanaweza kutofautiana.

Wakikaa kimya, kuna milango miwili. Afisa Kazi wa eneo lako anaweza kuingia ofisini kwao, akadai rejista na hati za mishahara, na akatoa amri ya utekelezaji. Mlango wa pili ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Huko unajaza fomu CMA F.1, unampelekea mwajiri nakala, unapata uthibitisho kwamba ameipokea, ndipo unaisajili. Wakili si lazima. Watu wengi wanachoponzwa nacho ni muda: mgogoro ambao si wa kuachishwa kazi unatakiwa kufika CMA ndani ya siku 60, na wa kuachishwa ni siku 30. Hesabu kuanzia ile tarehe 28. Ukichelewa utalazimika kuomba kwanza uongezewe muda kwa fomu CMA F.2 na kueleza kila siku uliyochelewa, kazi ambayo si nyepesi. Kama wewe ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, mwambie katibu wa tawi kabla hujapeleka fomu. Polisi wakikuita kutoa maelezo, nenda, soma kabla ya kusaini, na ukumbuke kwamba dhamana ya polisi hailipiwi hata senti.

Kuna jambo ambalo hukuuliza, na huenda ni kubwa kuliko deni. Saa zako.

Saa 12 mara usiku sita ni saa 72 kwa wiki. Saa za kawaida kisheria ni 45. Zinazobaki ni 27 za ziada kila wiki, wakati ukomo wa saa za ziada ni 50 kwa wiki nne, na wewe unafikisha 108. Watakwambia kuna saa moja ya mapumziko. Ni kweli, anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60, na mwajiri si lazima ailipe, isipokuwa mfanyakazi anapotakiwa kuendelea na kazi au kuwa tayari kwa kazi muda huo. Mlinzi aliye peke yake, asiyeweza kutoka getini hata kununua maji, hajapumzika. Wengine watataja makubaliano ya wiki iliyofupishwa, yanayoruhusu saa 12 kwa siku bila malipo ya ziada. Makubaliano hayo lazima yawe ya maandishi, na mwisho wake ni siku 5 kwa wiki, saa 45 za kawaida na 10 za ziada. Usiku sita haumo.

Hesabu ya fedha ni hivi. Mshahara wa mwezi gawanya kwa 4.333 upate wa wiki, kisha kwa 45 upate wa saa. 260,000 inakuja kama 1,333 kwa saa. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani 2,000. Saa 27 kwa wiki ni 54,000. Kwa mwezi inakaribia 234,000, karibu sawa na mshahara wenyewe. Juu yake kuna asilimia 5 ya kazi ya usiku kwa kila saa kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kwako ni saa 10 kila usiku, kama shilingi 17,300 kwa usiku 26, na inapanda kidogo kwa saa zilizo za ziada kwa kuwa hapo huhesabiwa juu ya kiwango cha ziada. Sikukuu hulipwa mara mbili. Angalia pia kama 260,000 yenyewe inafika: Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara inatenganisha kampuni kubwa na za kimataifa za ulinzi na zile ndogo, na Afisa Kazi atakwambia yako iko kundi gani. Kama hukupewa mkataba wa maandishi, usivunjike moyo. Mwajiri akishindwa kuutoa, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye.

Kwa nini karibu kila kampuni iko hivi? Lindo moja ni saa 168 kwa wiki. Ukigawa kwa 45 unahitaji walinzi wanne kasoro kidogo. Ukigawa kwa 72 wanatosha wawili na theluthi: wa mchana, wa usiku, na mmoja wa kuziba pengo anayezungukia malindo matatu. Kampuni inayouza lindo kwa bei ya watu wawili na theluthi haina pa kupata wa nne. Ndiyo maana huyo wa kuziba akiugua, malindo matatu yanayumba kwa wakati mmoja na mtu anaambiwa apige dabo, saa 24 mfululizo, ilhali sheria inakataza kuzidisha saa 12 kwa siku. Bei hiyo wameipanga mteja na kampuni, na wewe hukuwepo.

Ukibaki, silaha yako ni OB. "Lindo shwari" ni sentensi inayomlinda kila mtu isipokuwa aliyeiandika. Fika robo saa kabla, zunguka na mlinzi anayetoka, gusa kila kufuli kwa mkono na uivute, kisha andikeni na kusaini wote wawili. Ukurasa wako usomeke namna hii:

18:00 Nimepokea lindo. Tumezunguka pamoja. Kufuli 4 nzima. Taa ya kona ya nyuma haiwaki. Bati la 3 kutoka kona hiyo, misumari 2 ya chini imelegea. Redio, betri nusu.
18:10 Nimempigia msimamizi kuhusu taa na bati. Amesema atamjulisha mteja.
22:35 Doria nyuma. Bati kama lilivyokuwa.
02:05 Redio imezima. Natumia simu yangu.

Tumia wino. Usiache mstari mtupu ambao mtu anaweza kuujaza baadaye. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja na saini pembeni, usifutefute. Andika jambo linapotokea. OB yenye doria kila saa kamili, mwandiko mmoja na wino mmoja kuanzia juu hadi chini, msomaji yeyote makini anajua iliandikwa saa 11 alfajiri kwa mkao mmoja. Doria zenyewe zisiwe za saa kamili, kwa sababu anayekuvizia naye ana saa. Asubuhi, kabla ya kukabidhi, piga picha ya ukurasa wako tu, si nyaraka za mteja. Kurasa za OB huchanika zenyewe ikishatokea kesi.

Tishio la "nimekukuta umelala" nalo dawa yake ni hiyohiyo. Msimamizi akifika lindoni, mpe kitabu aandike jina, saa na alichokuta. Akigoma, andika wewe: "01:40 Msimamizi amefika, amekataa kusaini." Usiku ambao hayumo kwenye OB hawezi kuja kuudai mwezi ujao.

Ila usingizi wenyewe upo, tusidanganyane. Saa mbaya ni kati ya saa 9 usiku na saa 11 alfajiri, mwili unapopoa. Ugali wa kushiba kula saa 2 au 3 usiku, baada ya hapo iwe kitu chepesi. Chai kali ya mwisho saa 8, ikipita hapo itakunyima usingizi wa asubuhi. Saa 9 ikifika nyanyuka kwenye kiti, na doria ndefu ya ukuta mzima uiweke saa hiyo. Mchana lala mara mbili: ukifika tu nyumbani kabla bati halijapata moto, kisha saa moja au moja na nusu alasiri kabla ya kuvaa sare.

Jumatatu hii, ukikabidhi lindo asubuhi, pitia ofisini na barua kabla ya kwenda kulala. Na leo jioni ukipokea lindo, mstari wa kwanza uwe wa ile taa ya kona, kama bado haijawaka.